Kiswahili cha Baba Kilichopelekwa Maskati

Jini wa Kiarabu akimpanda Mswahili, jambo la kwanza analofanya ni kukikusanya Kiswahili chote cha yule mtu, akakitia kwenye chupa, akakipeleka kwao Maskati. Sababu yake ni kwamba yeye mwenyewe hakijui, na hapendi kukaa nyumba moja na kitu asichokielewa. Akishachoka kukaa, hukirudisha, lakini si kwa mkupuo mmoja. Hukirudisha kwa mafungu: kwanza Kurani, ambayo kwa kweli haikuondoka, kisha salamu, kisha hesabu, na mwisho maneno mengine yote kwa pamoja, kama maji ya mfereji uliokuwa umekatwa. Kuna mtu wa Mkokotoni aliyekaa na jini wake miaka saba, na siku jini alipotoka, akasema maneno ya miaka saba kwa siku moja, hata mkewe akabeba kanga zake akarudi kwao mpaka amalize.

Habari hizi nilizipata kwa shangazi yangu, na nikaziamini zote, pamoja na chupa. Wala sikuwa mtoto. Nilikuwa na ndevu, nilikuwa nakata nguo katika duka la Mhindi mmoja, na jioni nikisoma skuli ya watu wazima, ambako baadaye nilipata cheti, cha kwanza katika ukoo wetu tangu Nabii Nuhu. Kwa hiyo mtu asiseme niliamini kwa kukosa elimu. Nilisoma na niliamini. Niliamini kwa sababu baba yangu alikuwa amenyamaza, na katika mji mzima shangazi peke yake ndiye aliyeniambia kwamba atasema tena.

Baba alikuwa dalali wa samaki pale mnadani Malindi, Unguja. Hiyo ilikuwa miaka ya hamsini, na wanaoikumbuka sauti yake wamebaki wachache, basi niwaambie wengine: akimnadi nguru Malindi, paka wa Darajani walianza kujilamba. Watu wa Tumbatu waliapa kwamba upepo ukiwa mzuri walimsikia kabla hawajauona mji. Mimi naongeza kwamba hata upepo ukiwa mbaya. Alisimama juu ya jiwe lake, jiwe lililojulikana kuwa ni lake, kamshika samaki kwa mashavu, na bei alizichukua usoni mwa watu. Huyu amenyanyua nyusi, yule amegusa kofia, mwingine amekohoa tu. "Mbili na nusu! Mbili na nusu, bwana? Mkeo anajua kwamba unamdhalilisha samaki mkubwa kiasi hiki? Haya, tatu! Tatu kwa yule mwenye aibu!" Hakuandika kitu hata siku moja. Tulikula, tukavaa, tukalipa kodi ya nyumba kwa ulimi ule.

Na nyumbani hakupumzika. Kikibaki kipande kimoja cha mkate wa kumimina, alikinadi. "Kipande hiki, kimeungua kidogo pembeni, nani ananipa kuteka maji?" Mimi nikatoa kuteka maji. Dada yangu akaongeza kufagia ukumbi. Mama akasema, "Natoa kunyamaza mpaka magharibi," na baba akagonga sinia: "Imekwenda! Kwa bibi yule, na Mungu atusaidie!" Ndivyo tulivyolelewa. Sikujua kwamba kuna nyumba ambazo mkate unakatwa tu na kuliwa.

Asubuhi moja, baada ya sala ya alfajiri, alikuwa anavaa kofia mbele ya kioo ikamponyoka mkononi. Akainama kuiokota. Hakuinuka.

Spitali wakasema ni kiharusi. Walimlaza, wakampa dawa, wakamrudisha kwetu na mkono wa kulia unaning'inia na mdomo umevutwa upande. Mguu ukapata nguvu kidogo, akatembea kwa bakora. Maneno hakuwa nayo. Alifungua kinywa, tukasogea wote, kikatoka "aa," akakifunga. Sasa lazima nieleze: kiharusi kwetu hakikuwa maradhi ya kichwa. Kilikuwa upepo, na upepo una mwenyewe, naye ni jini. Kwa hiyo madaktari walipotutajia jina la ugonjwa, walikuwa wametuelekeza moja kwa moja kwa shangazi.

Shangazi alikuwa dada yake mkubwa, mjane, mwanamke mnene mwenye sauti kama ya baba. Alikuja siku ya Ijumaa pamoja na jirani mmoja kijana, binti aliyeolewa karibuni. Yule binti, kwa adabu tu na bila kutazamia chochote, akapiga goti mlangoni, akasema, "Shikamoo, babu."

"Marahaba," akajibu baba.

Sauti safi, ile ile ya mnadani! Binti akalia kwa woga. Mama alikuwa na sahani ya tambi mkononi, na tambi zile tulizifagia mpaka Jumapili. Sote tukamvamia. "Baba! Sema tena!" Akatutazama, macho yamemtoka kwa furaha, mimi nayaona mpaka leo.

"Unataka maji?" mama akamuuliza.

"Marahaba."

"Unaumwa wapi?"

"Marahaba."

Mama akampigia magoti, akamshika mashavu. "Mimi nani, mume wangu? Nitaje. Mimi nani?"

Baba akamtazama mwanamke aliyekaa naye miaka yote ile. Midomo ikatafuta, ikatafuta. "Marahaba," akasema, na furaha ikamtoka usoni kama mtu aliyezimiwa taa.

Adhuhuri ya siku ile tukamkalisha kwenye msala. Alipoanza Fatiha, kwa sauti japo sala ile husomwa kimya, hakukosea hata harufi moja. Kila 'ain ilitoka mahali pake kooni, kila ha na kha kama alivyofundishwa chuoni utotoni. Akamaliza, akaendelea na sura ndefu ambayo mimi mpaka leo naisoma kwa kuchungulia msahafu. Alipotoa salamu kulia na kushoto, akageuka akataka kitu, akanyoosha mkono wa kushoto kwenye mtungi, na neno maji halikutoka.

Shangazi alikuwa amekaa karibu na mlango. Akapiga makofi mara moja. "Nshajua. Ana ruhani."

Ruhani, kwa asiyejua, ni jini Mwislamu, tena wa Kiarabu, msafi, anapenda ubani na maji ya waridi. Shangazi akamwaga pale pale habari zote: chupa, Maskati, mafungu, na yule mtu wa Mkokotoni. Ilikaa sawa mno! Mtu gani anajua Kiarabu chote cha Kurani na hajui kusema maji? Kama ni ulimi umekufa, umekufaje kwa Kiswahili na kufufuka kwa Kiarabu? Nikasema hivyo hivyo darasani jioni ile, na mwalimu wetu, kijana mpole, akakuna kichwa na chaki akasema jambo lile si la somo letu.

Mama hakuafiki, lakini hakuwa na la kuweka mahali pake.

"Wifi yangu," shangazi akamwambia, "usimkasirishe mgeni."

"Mgeni gani? Anakula kwangu mchana na usiku, hajasema ahsante hata mara moja."

"Atasema kwa lugha gani, na Kiswahili hakijui?"

"Basi na aseme kwa Kiarabu. Nitaitika."

Tulimpa makombe, zile aya zinazoandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikaoshwa kwa maji ya waridi akanywa. Tulifukiza ubani mpaka kuta zikanukia, na nina hakika nyumba ile inanukia hata sasa. Wakaja watu. Wanawake wa mtaa walileta chupa za maji ili baba azisomee, maana Kurani ile, walisema, haisomi yeye, inasomwa na aliyeisoma Maka. Walijaa ngazini mpaka barazani nje. Baba akiletewa chupa alitazama chupa, akamtazama mwenye chupa, machozi yakamtiririka. "Ona ruhani anavyolia kwa imani!" shangazi akasema.

Kila alichofanya baba kilikuwa cha ruhani. Akilia, ruhani analia. Akikataa kula, ruhani amefunga. Aliletwa mganga kutoka Makunduchi, akazungumza na ruhani Kiarabu kirefu cha kumsihi. Baba akashika chetezo kwa mkono wake mmoja mzima, akakitupa ukutani, makaa yakatawanyika juu ya mkeka. "Mmeona?" mganga akasema, anakung'uta kanzu. "Amekasirika." Nami nilitikisa kichwa kwa kuafiki, kama mtu aliyesoma.

Mnadani, jiwe la baba lilikuwa halina mtu. Mkubwa wa mnada alikuwa mtu aliyefundishwa kazi na baba, na kwa heshima hiyo alilizuia. Lakini wapo waliolitaka. Alinijia dukani, akakaa juu ya robota la kitambaa, akazungukazunguka na habari za bei ya kanga. Mwisho akasema, "Mwanangu, nimelizuia mpaka mwezi wa Rajabu. Baada ya hapo nnashindwa. Watu wana watoto." Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Fungu la kwanza limerudi, la pili limerudi. Zimebaki hesabu tu, kisha yote. Akanitazama, akasema inshallah, akaondoka bila kununua.

Sasa, hesabu. Nilikuwa nafanya kazi ya skuli alasiri moja, nimekaa sakafuni karibu na kiti cha baba, na kwa kuwa sikuwahi kuweza kufikiri kimya, nahesabu kwa sauti vijiti vyangu. Moja, mbili. Pale pale juu ya kichwa changu sauti ikasema, "Tatu."

Nikaacha kuhesabu.

"Nne," akasema baba. "Tano. Sita." Alikaa wima. Akaenda mpaka ishirini, akaenda mpaka thelathini, na mimi nikatoka mbio. Nilikimbia bila viatu kutoka kwetu mpaka Malindi, na kwa mbio zile walionipita ni njiwa peke yao. Nikapiga kelele katikati ya mnada: "Hesabu zimerudi! Baba anahesabu!"

Dalali asiyejua kusema maji ni taabu. Dalali asiyejua hesabu si dalali. Lakini dalali mwenye hesabu, ati, kimebaki nini? Hivyo ndivyo nilivyofikiri, na shangazi, na nusu ya mji. Mama alisema tu, "Mwacheni kwanza." Hakuna aliyemwacha.

Jumamosi yake tukamvalisha kanzu mpya niliyoikata mwenyewe, kofia yake, koti lake. Hamali mmoja alimpakia kwenye gari lake la mkono, juu ya mto, akamsukuma taratibu vichochoroni, na watu walitoka vibarazani kumwamkia. "Shikamoo, mzee!" "Marahaba!" "Shikamoo!" "Marahaba!" Mtu asiyejua angedhani ni bwana mkubwa mzima anakwenda kazini. Baba mwenyewe alikuwa anang'ara. Nadhani naye alitumaini. Hilo ndilo ninaloshindwa kulimeza mpaka leo, kwamba naye alitumaini.

Tukamsimamisha juu ya jiwe lake, mimi nimemshika kiunoni. Mkubwa wa mnada akamwekea mtungo wa changu, samaki wepesi, kitu kidogo cha kuanzia. Wachuuzi wakakusanyika na matenga yao. Baba akawatazama. Akavuta pumzi.

"Moja!"

Hakuisema, aliirusha. Ilikwenda ikagonga ukuta wa ghala ikarudi. Wachuuzi wakapiga makofi. "Karudi! Wallahi mzee karudi!"

"Mbili!"

"Tatu yangu, mzee!" akaita mchuuzi mmoja, na baba akasema, "Tatu!" Mwingine akanyanyua kidole. "Nne!" akasema baba. Mnajua nilivyolia? Nililia huku nacheka, na changu akanidondokea mguuni nisihisi.

"Tano!"

Hakuna aliyenyanyua kidole. "Tano ya nani?" akauliza mchuuzi wa kwanza.

"Ya jini!" mtu akajibu nyuma, na watu wakacheka.

"Sita! Saba!"

"Mzee, ni changu hao au ng'ombe?"

"Nane!"

"Yakhe, anauza na bahari yake!"

"Muacheni, anapandisha bei, kazoea!"

"Tisa! Kumi! Kumi na moja!"

Kicheko kilikuwa kikubwa, na hakikuwa na ubaya. Walimpenda. Walidhani ni mzaha wake wa zamani, na mimi pia, kwa hesabu tatu nne za mwanzo, nilidhani ni mzaha. Halafu alipofika kumi na saba, kumi na nane, kicheko kikaanza kupungua kutoka mbele kwenda nyuma, kwa sababu wa mbele walikuwa wanamwona uso. Alikuwa amejisikia. Alinigeukia. Macho yalikuwa ya mtu anayeteremka ngazi na miguu imekataa kusimama, na kinywa kinaendelea, kwa sauti ile ile nzuri, "Ishirini na moja! Ishirini na mbili!" Akaweka mkono wa kushoto juu ya mdomo. Hesabu zikaendelea chini ya kiganja. Akaung'ata ule mkono, na ndani ya kung'ata nikasikia ishirini na sita.

Soko zima lilinyamaza. Nimekaa mji ule maisha yangu yote, sikupata kusikia Malindi imenyamaza asubuhi, isipokuwa siku ile.

Mkubwa wa mnada akapita katikati ya watu, akavua kofia, akaushika mkono wa baba aliokuwa akiung'ata, akaushusha polepole. Akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mwalimu wangu," akasema.

"Marahaba," akasema baba. Hesabu zikakatika.

Changu wale walinadiwa na mtu mwingine, wakauzwa kwa bei yao ya kila siku. Sisi tukamrudisha baba kwenye gari la hamali. Njiani watu walimwamkia tena, na aliitika kila mmoja, kwa kuwa hakuweza kutoitika. Rajabu haikungojwa. Wiki ile ile jiwe lilipata mwenyewe mwingine.

Nanyi mtadhani hapo ndipo nilipoacha kuamini. La! Niliamini maradufu. Si shangazi alisema hesabu ni fungu la tatu? Basi limekuja, limekuja kwa fujo kidogo, limebaki la mwisho. Nikaamua kulivuta. Kila alasiri nikitoka dukani nilikaa mbele ya baba na kitabu changu cha skuli, mimi mwalimu, yeye mwanafunzi. "Baba, hiki ni kikombe. Ki-ko-mbe." Alikichukua kikombe mkononi mwangu, akajifanya anakunywa, akakiweka chini mbele yangu kwa upole, akaniangalia. Nami nikasema, "La, sema." Akasema, "Marahaba." Nikaandika alama ya kosa kichwani mwangu, tukaenda kwenye sahani.

Nyumba ya pili walikuwa na santuri. Siku moja wakaweka taarabu ya zamani, na baba, pale kwenye kiti, akaimba beti nzima. Kwa maneno! Kiswahili safi, mapenzi na maua na kila kitu. Nikamkimbilia shangazi: mbona Kiswahili kiko Maskati na baba anaimba Kiswahili? Shangazi alifikiri muda wa kumeza funda moja la chai. "Jini amekwisha kukaa sana kwetu," akasema. "Anajifunza." Na santuri ilipokwisha, nikamwambia baba, "Sema sasa yale uliyoimba, sema tu." Akasema, "Marahaba." Nikarudi kwenye kikombe.

Siku hizi wajukuu wanaosoma wananiambia kuna wataalamu wa jambo hili na hawana kazi nyingine. Wanasoma maneno yanakaa wapi kichwani na yanatoka kwa njia gani. Wanasema wapo wagonjwa wa namna ya baba wanaofundishwa kwa kuimbishwa: anachotaka kusema anakiimba kwanza, huku anapigapiga mkono wa kushoto, kidogo kidogo, miezi kwa miezi, na wengine hupata maneno machache ya kuombea maji. Wananionesha kwenye simu zao. Natazama mzee wa nchi ya mbali anaimba kwamba ana kiu, na mkewe anacheka. Sisi tulikuwa na santuri ukuta wa pili. Namrudishia mjukuu simu yake, namwambia kazi nzuri, endeleeni.

Baba alianza kujificha. Wageni wakipanda ngazi alielekea ukutani, ili wasimwamkie, ili kinywa kisiitike. Neno pekee alilokuwa nalo ndilo watu walilokuja kulisikia. Aliacha kuangalia kikombe. Nikikileta, alifumba macho. Mama aliendelea kuzungumza naye kama zamani, habari za bei ya muhogo, habari za dada yangu kuposwa, na sikuona maana yake, kwa sababu anazungumza na nani? Mwenyewe hayupo, yupo ruhani, na ruhani anataka nini na muhogo? Nilimwonea huruma mama. Hebu fikirini: mimi ndiye niliyemwonea huruma yeye.

Ulipita mwaka na zaidi. Mguu wake ukafanya kidonda, nikampeleka spitali. Daktari alikuwa Mhindi wa hapa hapa mjini, Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu, mtu wa haraka, amekunja mikono ya shati. Akakiosha kidonda, akakifunga, akauliza mzee anaendeleaje kwa jumla.

"Alhamdulillahi," nikasema, nimevimba kifua. "Yuko fungu la tatu."

"Fungu la tatu la nini?"

Nikamweleza. Nilieleza vizuri, kwa mpangilio, kama nilivyofundishwa skuli: Kurani, salamu, hesabu. Chupa niliiruka, maana nilimwona ni mtu wa sayansi. Hakucheka. Laiti angecheka. Akavuta kiti akakaa, magoti yake yakagusana na ya baba.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Mzee, nyanyua mkono wa kushoto." Baba akaunyanyua. "Gusa sikio. Nioneshe mlango. Nioneshe mwanao." Kidole cha baba kikanielekea.

"Mzee, una jini?"

Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza swali lile. Watu wote tulimuuliza jini. Baba alimtazama daktari. Kisha akatikisa kichwa kukataa, akatikisa tena kwa nguvu hata kofia ikamwendea upande.

"Unachotaka kusema unakijua?"

Akakubali kwa kichwa.

"Kinatoka?"

Baba akafungua kinywa. "Moja," akasema. "Mbili." Akakifunga mwenyewe, akageukia dirisha.

Daktari akamweka kofia sawa. Kisha akanambia, mbele yake, bila kupunguza sauti:

"Bwana, hakuna jini na hakuna mafungu. Mshipa wa damu uliziba kichwani mwake, upande wa kushoto, pakaharibika pale mtu anapotungia maneno. Kurani aliihifadhi mdogo, salamu ameitikia maisha yake yote, na kuhesabu ndiyo kazi yake. Mambo kama hayo hutoka yenyewe, hayahitaji kutungwa. Mlipoyasikia mlidhani maneno yanarudi. Hayakuwa yanarudi. Hayo ndiyo yaliyosalia, na baada ya muda wote huu sitegemei mengine mengi. Akili yake nzima. Kila kitu mlichosema mbele yake amekisikia na amekielewa."